Akili Ilipopotea, Tatizo Lilikuwa Tumboni

(Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikiliza.)



Lugha yetu ya Kiswahili ina mambo. Mtu akitaka kutapika husema roho inamchafuka, wakati kinachochafuka ni tumbo. Mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani huambiwa ana tumbo joto, wakati hofu yake iko kichwani. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walikwisha kuona kwamba tumbo na fikra ni majirani. Leo nataka tuzungumze juu ya ujirani huo. Siku hizi yanasemwa mengi juu yake, mengine ya kweli na mengine ya biashara tu, na wapo watu wanaopoteza maisha kwa sababu jamaa zao hawaujui ule upande wake ulio wa kweli.

Nianze na kisa.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi cherehani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, hodari wa kushona suti za harusi. Siku moja mteja alikuja kuchukua suruali yake akakuta mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa inchi nne. Watu wakacheka, wakasema fundi amezeeka. Siku chache baadaye akaanza kusinzia mchana juu ya cherehani, na usiku akawa anazunguka ndani ya nyumba akitafuta tepu ambayo alikuwa ameivaa shingoni. Akawaita watoto wake kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Yeye aliyekuwa mpole akaanza kumtukana mkewe mbele ya wageni.

Familia ikakaa kikao. Mmoja akasema ni majini. Mwingine akasema huo ni mkono wa mtu, kuna anayemwonea wivu kwa kazi yake. Wa tatu akasema ni wazimu tu, tena katika ukoo wao ulikwisha kutokea. Basi wakaanza na mganga. Fundi akafukizwa, akachanjwa chale, akapigwa marufuku nyama, samaki na mayai. Majuma mawili yakapita. Alipofikishwa hospitali alikuwa katika usingizi ambao haamki mpaka atikiswe kwa nguvu, na akiamka hajui yuko wapi.

Daktari hakuanza na kichwa. Alimfunua macho akaona yana manjano. Akambonyeza tumbo akakuta limejaa maji. Kisha akamgeukia mkewe akamwuliza, "Mama, mzee alipata choo lini mara ya mwisho?" Mama akafikiri, akajibu kwamba yapata siku tano. Ndugu waliokuwa nje wakanong'onezana: sisi tumemleta mtu aliyepotewa na akili, daktari anauliza habari za choo! Lakini lile ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Fundi alipimwa malaria, akapimwa sukari, akatazamwa kama ana uambukizo wowote. Akatundikiwa maji, akapigwa bomba ili tumbo lifunguke, na alipoweza kumeza akaanza kunyweshwa dawa ya maji, tamu kama shira. Hakudungwa sindano ya kutuliza wazimu. Siku ya tatu aliketi kitandani, akamtazama mkewe, akamwita kwa jina lake, akauliza kwa nini amekonda.

Ndugu wasikilizaji, ni jambo gani lililotokea hapo? Mtu amerudishiwa akili kwa dawa ya kupata choo! Huu si muujiza, na wala mganga hakushindwa kwa sababu majini yalikuwa makali. Ni ugonjwa unaojulikana vizuri, na ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi vijidudu vya tumboni vinavyoweza kuingilia fikra za mwanadamu.

Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wengi mno. Hesabu iliyotolewa na watafiti mwaka 2016 inakadiria kwamba mwanamume wa kawaida ana bakteria wapatao trilioni 38 mwilini mwake, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Karibu wote wako katika utumbo mpana, na uzito wao kwa jumla ni kama gramu 200. Wengi wao si adui. Hula mabaki ya chakula tusiyoweza kuyasaga, hututengenezea baadhi ya vitamini, na huwazuia wadudu wabaya wasipate nafasi.

Lakini kila anayekula hutoa uchafu. Bakteria hao wanapovunjavunja protini na mabaki mengine hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ukuta wa utumbo wenyewe nao hutoa kiasi fulani. Damu yote inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja moyoni. Kwanza hupitia kwenye ini, kama vile mizigo ya bandarini inavyopitia forodhani. Ini huikamata ile amonia na kuigeuza kuwa urea, nayo hutoka kwa njia ya mkojo. Siku zote za uzima wetu kazi hiyo hufanyika, nasi hatuna habari.

Sasa ini likiharibika, likajaa makovu na kusinyaa, mambo mawili hutokea. Kwanza, seli za kufanya kazi ile hupungua. Pili, damu hushindwa kupenya katika ini lililokuwa gumu, ikatafuta njia za panya. Amonia na sumu nyingine zikapita bila kukaguliwa mpaka kwenye ubongo. Huko baadhi ya seli huvimba, na mawasiliano ya mishipa ya fahamu huvurugika. Mwanzoni mtu husahau, hukosa umakini, na usingizi wake hugeuka, analala mchana na kukesha usiku. Kisha tabia hubadilika, maneno huwa mazito, na akinyoosha mikono mbele huku viganja vimeinuliwa, viganja hupigapiga kama mbawa za ndege. Mwisho huwa ni usingizi wa mauti.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1893 huko St Petersburg, Urusi, Ivan Pavlov na wenzake waliwafanyia mbwa operesheni ya kuiunganisha damu ya utumbo na mshipa mkubwa ili isipite katika ini. Mbwa wale wakawa wakali, wakayumba, wakashikwa na degedege, hasa baada ya kula nyama. Katika miaka ya 1950 mjini London, bibi mmoja daktari, Sheila Sherlock, pamoja na wenzake, walieleza ugonjwa huu kwa binadamu. Ikaonekana kwamba wagonjwa waliopewa dawa za kuua bakteria wa utumboni walirudiwa na fahamu. Bibi Sherlock ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kuwa profesa wa tiba, mwaka 1959.

Mwaka 1966 ikatangazwa tiba ya laktulosi, ile dawa tamu aliyonyweshwa fundi wetu. Laktulosi ni sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuisaga, kwa hiyo hufika salama kwa bakteria wa utumbo mpana. Wao huila na kutoa asidi. Asidi hiyo huifunga amonia isiweze kuingia katika damu, na dawa yenyewe hulainisha choo, uchafu ukatoka. Baadaye ikaja rifaksimini, dawa ya kuua bakteria ambayo karibu yote hubaki utumboni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 299 waliokwisha kupata nafuu walifuatiliwa kwa miezi sita, na karibu wote walikuwa wakitumia laktulosi vilevile. Kati ya waliopewa rifaksimini, kama 22 katika kila 100 walipotewa tena na fahamu. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa kama 46. Huo ndio ushahidi. Gusa bakteria wa tumboni, na akili inabadilika.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu. Msikilizaji anaweza kusema: kama ni hivyo, basi huzuni, wasiwasi, usahaulifu na hata kushindwa mtihani, vyote vinatoka tumboni. Wapo wanaouza makopo ya unga na matone kwa maneno hayohayo, na bei zao si za mchezo. Hebu tutazame.

Ni kweli kwamba utafiti upo. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria yoyote mwilini hutoa homoni nyingi za mshtuko kupita kiasi wanapobanwa, na kwamba kuwapa bakteria fulani mapema hurekebisha hali hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Ireland na Kanada waliwalisha panya bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, na panya wale wakapunguza woga. Ulipokatwa ule mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo mpaka tumboni, faida ile ikatoweka. Yaani habari zilikuwa zikipanda kwa njia ya mshipa huo, kama simu ya waya.

Magazeti ya ulaya yakashangilia. Lakini watafiti wa Ireland walifanya jambo la uungwana ambalo wafanyabiashara hawalipendi: waliwajaribu binadamu. Wanaume 29 wenye afya njema walipewa bakteria walewale waliowasaidia panya, na kwa muda mwingine wakapewa vidonge vitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Haikuonekana tofauti yoyote. Wasiwasi ulikuwa uleule, homoni zilezile, kumbukumbu ileile. Panya si mtu.

Utasikia pia ikisemwa kwamba serotonini, ile kemikali inayohusishwa na furaha, zaidi ya asilimia 90 hutengenezwa tumboni, na hivyo furaha yako iko tumboni. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili hairuhusiwi na ya kwanza, kwa sababu serotonini ya tumboni haivuki ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Ile ya tumboni kazi yake kubwa ni kuusukuma utumbo.

Mnisamehe nikisisitiza jambo hili, maana dunia imekwisha kuumia kwa kulipuuza. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, kulikuwa na daktari aliyeitwa Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton kuanzia mwaka 1907 mpaka 1930. Yeye aliamini kwamba wazimu wote hutokana na usaha na vijidudu vilivyojificha mwilini. Alianza kwa kung'oa meno ya wagonjwa. Wasipopona aliondoa mafindofindo. Wasipopona tena aliwapasua na kuondoa utumbo mpana. Alitangaza kwamba wengi wamepona, na watu wakubwa walimsifu. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa kama watu 30 katika kila 100 waliopasuliwa utumbo walikufa, na waliochunguza baadaye walikuta idadi iliyozidi hapo. Cotton alikuwa ameshika chembe ya ukweli, kwamba tumbo linaweza kuugusa ubongo, akaifanya kuwa ukweli wote.

Ndugu wasikilizaji, sisi leo tunaweza kukosea kwa namna mbili. Tunaweza kufanya kama ndugu wa fundi, tukatazama kichwa peke yake, na hata hicho tukakitazama kwa macho ya ushirikina. Au tunaweza kufanya kama Cotton, tukalaumu tumbo kwa kila jambo. Njia ya katikati ni hii, nami nitaisema polepole.

La kwanza. Mtu mzima ambaye fikra zake zinabadilika ndani ya siku au majuma machache, hasa kama macho yake yana manjano, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, au alikwisha kuambiwa kwamba ini lake lina matatizo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kikao cha ukoo. Hata kama si ini, inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, uti wa mgongo, au kiharusi, na yote hayo hayangoji.

La pili. Mkifika, semeni yote: siku ambazo hakupata choo, kama alitapika damu au alipata choo cheusi kama lami, kama ana homa, kama aliharisha, na dawa zote alizomeza, za dukani na za mitishamba. Kufunga choo, kutoka damu tumboni, uambukizo, kukaukiwa maji na dawa za usingizi ndivyo vinavyomwangusha mgonjwa wa ini aliyekuwa akijikongoja. Kwa sababu hiyo, msimpe vidonge vya usingizi ati kwa kuwa anawasumbua usiku.

La tatu. Msimshindishe na njaa. Kutokana na habari za wale mbwa wa Pavlov, madaktari wenyewe kwa miaka mingi walikuwa wakiwanyima wagonjwa hawa nyama na maharage. Mwaka 2004 madaktari wa Barcelona, Hispania, walionyesha kwamba mgonjwa anayekula protini kama kawaida hadhuriki kwayo, na leo ushauri ni kwamba ale ya kutosha, kidogo kidogo mara nyingi, maana misuli yake nayo husaidia kuondoa amonia. Maharage, kunde, choroko, maziwa na mayai visikosekane, ila kama daktari wake ameagiza vingine.

La nne. Aibu ituondokee. Pombe ni mharibifu mkubwa wa ini, hilo halina ubishi. Lakini fundi wetu hakuwa mnywaji. Alikuwa na homa ya ini ya aina B, na huenda aliipata tangu utotoni. Wapo wengi ambao familia zao huficha ugonjwa wa ini zikiogopa majirani watasema ni ulevi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Homa ya ini B hupimwa kwa damu, ina chanjo, na wenye kuihitaji wana dawa za kuituliza. Aliyezaliwa na mama mwenye ugonjwa huo, au anayeishi nyumba moja na mgonjwa, na akapime.

La tano. Anayetumia dawa za kifafa, za huzuni kubwa au za ugonjwa wowote wa akili asiziache kwa kuwa ameuziwa kopo la bakteria. Mtindi na maziwa ya mgando ni chakula kizuri, vinywewe kwa afya, lakini si mbadala wa dawa hizo. Na hizi kapsuli za rangi mbili tunazonunua dukani bila cheti kila tunapokohoa, tuziache. Huua bakteria wema pamoja na wabaya, na huwafunza wabaya usugu.

Mtu ataniuliza, basi hao bakteria wangu niwatunze namna gani? Jibu liko sokoni. Wanapenda mbogamboga, matunda, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti juu ya ndugu zetu Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini. Ilionekana kwamba tumboni mwao kuna aina nyingi zaidi za bakteria kuliko kwa wakazi wa mjini huko Italia. Utafiti ule haukupima akili, kwa hiyo nami sitasema kwamba ubuyu huleta akili. Ninasema tu kwamba ugali wa dona na mchicha ni rafiki wa tumbo, na bei yake haifiki nusu ya bei ya lile kopo.

Nimalizie kwa fundi. Ini lake halikupona, maana ini lililokwisha kusinyaa halirudi kuwa jipya. Alipewa dawa za virusi vya ini, na ile dawa tamu akaendelea kuinywa kila siku, akiipima kwa choo mara mbili au tatu kwa siku, kama alivyoelekezwa. Mkewe alijifunza kumwambia kila jioni anyooshe mikono. Viganja vikitikisika, ni hospitali. Kwa namna hiyo alirudi kwenye cherehani yake.

Siku aliyorudi aliomba aletewe ile suruali ya inchi nne. Akaipima, akatikisa kichwa, akaishusha pindo la mguu mfupi na kuunga kitambaa pale kilipokosekana. Hakutaka malipo. Alisema kazi ile hakuifanya yeye. Sisi tuliomcheka siku ile hatukuwa na la kujibu.